Shimo Lililongoja Barafu

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Singida Mjini tangu asubuhi, nikaenda kwa muuza soda wa mtaani kwetu nikitumaini kupata ya baridi. Jokofu lake lilikuwa limeota barafu ukutani, nene kama mkate. Nikiwa nimeinama humo, kipande kizima kiliachia, kikateleza juu ya maji yaliyojikusanya nyuma yake, kikaanguka puu! Muuza soda alicheka. Mimi, ndugu yangu, niligeuka nikarudi nyumbani bila soda.

Acha nikueleze. Nilikulia Ulemo, na nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Siku moja mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha barafuto, ile mito ya barafu ya milimani. Sisi, ambao baridi tuliyoijua ni upepo wa Juni na miguu iliyopauka! Alisema huko juu theluji huanguka juu ya theluji ya mwaka jana bila kuyeyuka, ya juu huikandamiza ya chini mpaka hewa inatoka na yote inakuwa barafu ngumu kama jiwe. Ikizidi uzito huanza kujisukuma yenyewe kuteremka, polepole, na maji kidogo yaliyo chini yake huitelezesha. Akaweka asali iliyoganda kwenye ubao ulioinama, juani, tukaitazama kipindi kizima. Kweli ilisogea. Akamalizia kwamba kitu ambacho barafu imekimeza juu, siku moja itakitema chini.

Mume wa jirani yetu alikuwa amekwenda Moshi kubeba mizigo ya wapanda mlima. Kabla ya mavuno ya uwele, wenzake wawili walikuja na koti lake. Alitumbukia kwenye ufa wa barafu, walisema, na kamba haikumfikia. Wazee wakakaa, wakaamua nguo zake zizikwe ili msiba uishe na mjane aendelee na maisha. Shimo likachimbwa nyuma ya nyumba. Bibi yangu alisonga ugali wa uwele, na harufu ya mlenda ilijaa uani.

Nguo zilikuwa zimeshashushwa nilipofungua mdomo.

"Mwalimu kasema barafu inatembea. Itamshusha."

Jirani akaruka shimoni, akatoka amezikumbatia zile nguo, udongo umemjaa usoni. "Hamziki kitu hapa," akasema. "Mume wangu yuko njiani." Bibi alinifinya hadi nikalia, lakini hayo maneno nani angeyarudisha?

Basi shimo likabaki wazi. Mvua zikilijaza matope, jirani aliingia na jembe akalisafisha, kingo zikanyooka kama limechimbwa juzi. Lilinuka udongo mbichi hata katikati ya kiangazi. Nyumbani aliweka ubao wake wa asali, kama nilivyomsimulia wa mwalimu, na nikipita na ndoo yangu ya maji ananiita: "Njoo uone, leo amesogea." Alisema amesogea, sikiliza hilo, si imesogea. Ilipofika Juni asali ikagoma, na yeye akaketi mbele ya ubao siku tatu hali chakula, akisema amekwama. Bibi alinikataza kulichungulia lile shimo. Nililichungulia kila siku.

Muhula uliofuata mwalimu akatuambia kwamba barafu ya mlima wetu ni baridi mno, imegandamana na mwamba, karibu haitembei kabisa. Inapungua tu pale pale ilipo. Jamani mwalimu, si ungeanza na hilo! Nilipaswa kukimbia kwa jirani siku ileile. Niliogopa, nikanyamaza, nikakua.

Juzi nikapanda gari la Ulemo. Bibi yangu hayupo tena, mwalimu hayupo, hata njia ya kisimani imeota majani. Jirani nilimkuta uani akipeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwambia yote, nikilia kama mtoto. Hakuacha kupeta.

"Mwalimu wako aliniambia zamani," akasema. "Alikuja mwenyewe."

"Sasa mama, mbona shimo bado lipo?"

"Kama haitembei, si yuko pale pale alipoangukia? Nasikia inakwisha. Ikiisha ataonekana. Wewe una simu, hebu nitazamie. Imebaki kiasi gani?"

Nikamwonyesha picha ya mlima. Akapitisha kidole taratibu penye weupe, hapa kidogo, pale kidogo, akatabasamu. Kisha akaniomba nishuke shimoni nitoe majani, maana magoti yake hayamruhusu tena. Nikashuka. Nje jua lilikuwa linachoma, lakini humo ndani miguu yangu iliingia ubaridi ambao sijui ulitoka wapi.

Watu wanailalamikia barafu ya mlima inavyokwisha, na wana haki, nami utoto wangu umekwisha hivyohivyo, kidogo kidogo, bila kelele. Lakini mimi naiombea ibaki kwa sababu nyingine. Siku mwamba wote utakapokuwa wazi na mtu yule asionekane, nani atakwenda kumwambia mama yule, kama si mimi?