Nyumba Hii Haiuzwi

Kaka yangu hupiga simu kutoka Houston kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwanza. Hasalimu, anatangaza. Mara hii alitangaza kwamba kampuni ya kujenga maghorofa inalitaka shamba letu la kahawa kule Kiambu, kwamba majirani wa pande zote mbili wameshauza, na kwamba Jumamosi angekuja kwangu Lewisville kumshawishi Mama. Mama alikuwa kwangu tangu nilipojifungua. Shamba lilikuwa kwa jina lake, na asipokubali yeye, hakuna bodi ya ardhi ambayo ingepitisha kitu.

"Na wewe uta-sign kwamba watoto tumekubali," akaniambia. "Mkataa pema, pabaya panamwita."

Nikasema sawa. Mimi ni kitinda mimba. Hospitalini ninakofanya kazi nawafokea hata madaktari, lakini kaka akikohoa tu mimi naitika. Moyoni sikutaka kabisa. Shamba lile ndilo kitu pekee tulicho nacho ambacho hatudaiwi na benki.

Mama naye alikuwa na vita vyake. Hapa Texas, ukishakuwa na nyumba, hukosi watu usiowajua wanaokupigia simu wakitaka kuinunua. Mimi huwakatia tu. Mama, aliyekuwa akishinda nyumbani na mtoto, akataka kujua simu hizo zote ni za nani. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni mabroka, wanauliza kama tunauza nyumba. Uso wake ukabadilika. Tangu hapo akawa anafunga mapazia mchana kweupe.

Ijumaa asubuhi nilirudi kutoka zamuni nikakuta mlango wa gereji umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto wa nasari: NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI.

Kwetu, mtu mwenye wasiwasi na ardhi yake ndivyo anavyofanya. Huandika ukutani, kwenye geti, hata kwenye mabati ya choo. Wengine wakitaka kusafiri huandika kwanza, ndipo wakafungasha nguo.

"Mum, hapa hakuna mtu anasoma Kiswahili!"

"Tapeli husoma lugha zote," akasema, akiendelea kuosha brashi kwenye sinki langu la jikoni.

Kesho yake kaka alifika na mbuzi mzima aliyechinjwa huko huko Houston, amekatwakatwa na kujazwa kwenye kasha la barafu. Mpango wake ulikuwa wa tangu jadi: watu wale nyama, washibe, ndipo neno gumu litolewe. Aliposhuka kwenye gari akauona mlango. Akausoma wote, funguo mkononi.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi," Mama akajibu akiwa mlangoni. "Karibu. Umekonda."

Hakuwa amekonda hata kidogo.

Nyama ilikuwa ndiyo kwanza imetiwa motoni alipotokea mzee mmoja Mzungu, kofia pana kichwani, kutoka chama cha mtaa. Hicho ni chama kinachokupangia hata urefu wa nyasi zako. Mzee alikuwa mpole. Alisema maandishi lazima yatoke, kisha akauliza yanasema nini. Kaka, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, akajitwika kazi ya ukalimani. Alipomtafsiria maandishi, mzee akauliza swali jingine.

"Anauliza nani amesema nyumba inauzwa," akamwambia Mama.

"Mwambie hakuna aliyesema. Ukingoja waseme, umechelewa. Mwambie nyumbani nina shamba, na nina mtoto wa kiume anayetaka kuwapa watu wa maghorofa. Amekuja na mbuzi akidhani sijui mbuzi huyu ni wa nini."

Kaka aliitazama nyama. Kisha akamgeukia mzee, akasema kwa Kiingereza cha ofisini kwamba mama yake anaomba radhi, yuko very sorry.

"No sorry!" Mama akaruka. Kiingereza chake ni kidogo, lakini hicho kidogo hakichezewi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ikabidi kaka atafsiri upya yote, maghorofa na mbuzi, na alipofika kwa mtoto wa kiume akasema ni mtu fulani wa ukoo. Nikamsahihisha kwa sauti: ni yeye huyu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsahihisha kaka mbele ya watu, na sikufa.

Mzee hakucheka. Alivua kofia, akasema familia yao ilikuwa na shamba la ng'ombe si mbali na pale. Waliliuza, na sasa kuna maduka.

"Anasema nini?" Mama akauliza. Kaka alijitia kugeuza nyama, kwa hiyo nikatafsiri mimi.

"Muulize baba yake amezikwa wapi."

Mzee akaeleza kwamba makaburi yao yaliachwa, yamezungushiwa ua nyuma ya duka la vyakula vya mbwa. Akienda kumwona baba yake huegesha gari hapo dukani. Siku moja mlinzi alimfukuza, akamwambia maegesho ni ya wateja tu. Tangu siku hiyo huingia kwanza akanunua mfuko wa chakula cha mbwa.

"Na mbwa sina," akasema.

"Pole, mwanangu," Mama akamwambia, ingawa huenda walikuwa rika moja, akamkatia ubavu mzima. Mzee aliula kwa adabu, akatupa hadi mwisho wa mwezi kuusafisha mlango.

Kaka hakuitaja kampuni tulipokuwa tukila, wala kwenye chai. Jioni nilimkuta nje na ndoo, akisugua mlango. Alikuwa amefuta neno MATAPELI tu.

"Mzee wetu mlimlaza wapi?" akaniuliza bila kugeuka. "Kule chini mtoni ama juu?"

Baba alipofariki, kaka alikuwa anangoja makaratasi ya uhamiaji na hangeweza kutoka Amerika. Mazishi aliyaona kwa simu, na aliyeishika alimwonyesha zaidi migongo ya watu. Nilimhurumia mpaka hasira zikaniisha.

"Juu," nikamwambia. "Karibu na barabara, pale mistari ya kahawa inapoishia."

Akaacha kusugua.

"Kwa ramani ya kampuni," akasema, "hapo ndipo wameweka parking."