Bendera ya Chumba cha Kukunjia

Chumba chetu cha kukunjia kina meza mbili ndefu, dirisha moja lisilofunguka, na joto ambalo ukishalizoea basi ujue umekuwa wa humo. Upande mmoja ni dobi ya hospitali, mashine saba zinanguruma tangu asubuhi. Upande wa pili ni stoo. Mimi nasimamia pasi kubwa ya rola, ile inayomeza shuka limekunjamana na kulitoa limenyooka. Nikisema nasimamia, maana yake nasimama. Kukaa ni kwa watu wa ofisini.

Meza ya kwanza ilikuwa ya Bi Mkunjo. Kwenye orodha ya mishahara ana jina lingine kabisa, ila hata mtunza orodha mwenyewe alilisahau. Aliingia kazini msichana, akaolewa akiwa kazini, akazaa watoto watatu akiwa kazini, na siku zote hizo hakuna aliyewahi kumwona akiliacha shuka na kona isiyokaa sawa. Ukimletea lililokunjwa vibaya hakugombi. Analifumua, analikunja upya huku anakutazama. Bora matusi.

Mumewe alikuwa askari wa cheo cha chini, mtu wa kucheka ovyo, aliyekuja kumchukua jioni na kutusukumia mikokoteni bila kuombwa. Walimpeleka mpakani. Akarudi ndani ya sanduku, na familia ikaambiwa isilifungue. Bendera ya taifa iliyolifunika sanduku hilo akakabidhiwa mjane. Nilikuwepo. Aliitazama, akaikunjua palepale mbele ya maofisa na magwanda yao, akaikunja upya mpaka ikakaa.

"Wale bunduki wanazijua," aliniambia baadaye. "Kukunja hawajui."

Nyumbani alikaa na mama mkwe wake, na bibi wa watu kila akiiona ile bendera alianza kilio upya kama msiba ni wa leo, hadi watoto wakawa hawali. Basi Bi Mkunjo akaileta kazini. Akaitundika ukutani juu ya meza yake kwa vibanio vinne vya nguo. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemuuliza. Kila Jumamosi aliishusha, akaja kwangu tukaipiga pasi kwa moto mdogo, akairudisha mahali pake. Miaka kumi na mmoja.

Wakubwa waliipenda hiyo bendera kupita kiasi. Akija mgeni kukagua dobi, mkurugenzi alimleta moja kwa moja hadi chini yake, akamshika Bi Mkunjo bega, akasema, "Huyu ni mjane wa shujaa wetu." Picha zinapigwa, wanaondoka. Hatukuwahi kuletewa hata moja tuione. Na mimi nitasema langu la moyoni, maana kama sisemi kweli sioni kwa nini nijisumbue kuandika: nilikuwa naona wivu. Mume wangu alikufa kwa homa, kitandani, na hakuna aliyekuja na kamera.

Meza ya pili ilikuwa ya Mashoto. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, na alikuwa anaitika. Yeye na Bi Mkunjo walikuwa chanda na pete. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: huyu anashika pembe zake mbili, mwenzake zake, wanaendeana, wanakutana katikati, mmoja anapokea. Walikutana katikati hivyo mara mia mbili kwa siku kwa miaka kumi na minane. Mchana walikula bakuli moja. Siku ya mazishi Mashoto ndiye aliyemshika kiuno asianguke kaburini, na yule kitinda mimba wa Bi Mkunjo alizoea kumwita Mashoto mama mdogo, sijui kama bado anaruhusiwa.

Sasa, katika kazi hii kila mtu ana mkono wake. Manesi wanaona foronya ni foronya. Sisi ukituwekea mia moja tutazichambua hii ya nani na hii ya nani bila kukosea. Mashoto alikunja mara tatu kuelekea kushoto, halafu akaichomeka ncha ndani kwa kidole gumba, foronya ikajifunga, hata ukiitupa mkokotenini haifumuki. Wote tulijaribu kumwiga tukashindwa. Kwa hiyo tulimcheka.

Jumanne moja msimamizi akaingia na karatasi mkononi. Ni mtu mpole, mwenye tumbo na haya nyingi. Akasimama katikati ya meza mbili, akakohoa, akasema ofisi imepokea malalamiko, na imeamua ukuta wa kazini ni wa kazi tu. Bendera, picha za viongozi, kalenda za dini, vyote vishuke kabla ya Ijumaa.

Tukatazama ukuta. Palikuwa na bendera, na orodha ya zamu.

"Nani amelalamika?" Bi Mkunjo akauliza.

"Barua haina jina, mama."

"Naomba niione."

"Si utaratibu."

"Na kunipiga picha na kila mgeni kulikuwa utaratibu?"

Mkurugenzi alijua kuja na wageni, ila siku ya kushusha alimtuma msimamizi. Nadhani huyu aliona aibu, maana alimpa Bi Mkunjo ile karatasi, ndiyo barua yenyewe, na kujifanya anasoma orodha ya zamu.

Bi Mkunjo hakuisoma. Mimi nilimwona vizuri, nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Macho yake hayakwenda kwenye maandishi kabisa. Yalikwenda kwenye mistari ya mikunjo. Akaiweka karatasi mezani, akaifuatisha: kushoto, kushoto tena, mara ya tatu kushoto. Akaisukuma ncha kwa kidole gumba. Ikaingia, ikajifunga.

Kisha akatembea hadi meza ya pili, akaiweka mbele ya Mashoto.

"Foronya yako hii," akasema.

Mashoto alikuwa ameandika kwa mkono wa kulia ili hati yake isijulikane. Alijisumbua kwelikweli, herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Halafu alipomaliza akaikunja bila kufikiri, kama anavyokunja kila kitu tangu siku ya kwanza. Hakukana. Angekana vipi? Msimamizi akakumbuka ana kazi stoo, akatoka.

"Nikae nikueleze," Mashoto akasema.

"Nieleze umesimama."

Akaeleza. Kwamba mwaka ule wa vurugu kaka yake alichukuliwa mlangoni kwao, akiwa na mswaki mdomoni, na gari lililomchukua lilikuwa na bendera hiyohiyo mbele. Hakurudi. Hata sanduku hawakuletewa. Kwamba kwa miaka kumi na mmoja amesimama akiitazama, kwa sababu meza yake ndiyo inayoelekeana nayo, na kila Jumamosi inapopigwa pasi harufu ya kile kitambaa inamkaa kooni.

"Ulikuwa unaniambia kaka yako alihamia ng'ambo."

"Ningekuambia nini? Wewe una mume chini ya kitambaa hicho."

"Ungeniambia! Miaka kumi na mmoja, Mashoto! Mimi nimekulalia mapajani nikitapika kwa uchungu, ukanifuta. Hakuna kitu changu usichokijua. Siku ungesema tu, dada, hii inaniumiza, siku hiyohiyo ingeshuka. Ningeishusha kwa mikono yangu."

"Niliogopa utanichukia."

"Kwa hiyo ukaenda kwao." Akaonyesha kidole juu, ziliko ofisi. "Kwa walewale waliokuwa wananipiga picha. Ukawaomba wanivue nguo mbele ya watu, na asubuhi hii umenikaribisha chai."

Mashoto alikuwa analia, analia vibaya, bila kujifuta. Katika kulia huko akanyanyua macho akanitazama mimi. Mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa, na mimi nikajifanya nanyoosha ukingo wa shuka ambalo lilishanyooka.

Kwa maana barua ile niliipeleka mimi. Mashoto aliniletea Ijumaa iliyotangulia nyuma ya mashine za kukaushia, akanisimulia yote, kaka, gari, mswaki, akasema yeye miguu inamkataa kupanda zile ngazi. Nilimhurumia, hilo ni kweli. Lakini nilipokuwa napanda na barua ndani ya aproni sikuwa nafikiria kaka wa mtu. Nilikuwa nafikiria mkono wa mkurugenzi kwenye bega la Bi Mkunjo, na jinsi ambavyo hautakuwepo tena. Nikaisukuma chini ya mlango, nikashuka, na mchana nikala nao wote wawili.

Bi Mkunjo akapanda juu ya kigoda, akatoa vibanio kimoja kimoja. Bendera ikamwangukia begani. Mashoto akasogea akanyoosha mikono ashike pembe za upande wake, mazoea tu, miaka kumi na minane.

"Acha," Bi Mkunjo akamwambia. "Usiguse."

Akaitandaza mezani, akaanza kuikunja peke yake. Haikuwa rahisi, ni kitambaa kipana. Ilibidi azunguke meza, ashike huku, arudi kule, avute, aanze tena. Watu wa mashine walikuwa wamekusanyika mlangoni na hakuna aliyethubutu kusogea. Alipomaliza haikukaa sawa. Kona moja ilichomoza nje. Aliiona, akaiacha.

Kisha akaja kwangu.

Nilidhani amejua. Nikashika ukingo wa pasi ukaniunguza, na sikuondoa mkono haraka. Lakini alipofika karibu niliona uso wake hauna hasira tena, umechoka tu, uso wa mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Nyumbani siwezi kuirudisha, hali ya bibi unaijua," akasema taratibu. "Na hapa sina mtu tena, mdogo wangu. Nitunzie wewe. Wewe angalau hujawahi kunizunguka."

Mashoto alikuwa pale, anatusikia. Alinyanyua kichwa, akanisubiri. Nafasi nilikuwa nayo, na ilikuwa ndefu ya kutosha.

"Nitakutunzia, dada," nikasema, nikaipokea kwa mikono miwili.