Nepi Zisizokauka

Mama Muema ni Mkamba anayeishi kwa kamba. Nimemtania hivyo tangu tuwe majirani, na kila mara hucheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia. Jina lake Kanini. Ni mama fua. Anafulia watu wa maghorofa ng'ambo ya Waiyaki Way, na jioni akirudi Kangemi huanika za kwake kwenye kamba inayopita mbele ya mlango wangu, mimi fundi wa cherehani wa chumba cha pili. Suruali mbichi zimenipiga usoni miaka mingi na sijalalamika. Basi, nimelalamika kidogo.

Kazi hiyo imemfundisha upepo. Zamani alifulia Ngara, na huko, husema, majengo yamebanana, kuta zinanyonya jua mchana kutwa na upepo haupati pa kupita, kwa hiyo nguo inakauka na mfuaji anakauka nayo. Kangemi tulikuwa na bahati. Upepo wa mashariki ulitufikia bila kuomba ruhusa, mpaka tajiri mmoja akajenga ghorofa nyuma ya ploti yetu. Siku hizi kamba yetu imetulia kama iko ndani ya kabati. Huyo tajiri sijui analalaje usiku, ila nadhani analala vizuri, kwenye upepo wetu.

Mwaka huu Februari ilipowaka, watu wote walilia joto isipokuwa Kanini. Yeye ni mzaliwa wa Mutomo, kusini mwa Kitui, na joto la Nairobi analidharau. Alichovya leso yake ya kujifunga kwenye maji, akaining'iniza mlangoni, na chumba chake cha mabati kikapoa hata majirani wakaja kukaa. Hewa ilikuwa kavu, ina kiu, inakunywa yale maji na kutuachia ubaridi. Ploti nzima tukaiga, nami pia, ingawa nilikuwa nimemcheka.

Halafu Machi ikaja na mawingu yasiyo na mvua. Simu yangu ilionyesha digrii zilezile za Februari, lakini mwili ulikataa kuziamini. Hewa sasa ilikuwa imeshiba maji, jasho lilitoka likabaki hapohapo. Usiku mawingu yalitufunika kama blanketi na mabati hayakupoa hadi asubuhi. Jinzi iliyokuwa ikikauka kabla ya chai ya saa nne sasa ililala kwenye kamba na kuamka mbichi.

Katika wiki hiyo Becky, mke wa Muema, alitoka hospitali na mtoto wa kwanza. Muema mwenyewe anafanya kazi Mlolongo na hulala huko siku za wiki, basi Becky akaja kukaa kwa mama mkwe. Kijana akapewa jina la babu yake, marehemu Mbithi, na Kanini akawa hatembei, anaelea.

Siku ya pili akafika Virginia, mamake Becky, kutoka Dagoretti. Anauza matumbo sokoni na ana sauti ya kuyauzia. Dagoretti kuna baridi ya asubuhi inayoingia mifupani, na Virginia ana sababu ya kuiogopa: mtoto wake wa kwanza alikufa kwa nimonia, mwezi wa Julai. Alimfunga mjukuu shali mbili, akamvika kofia ya sufu, akafunga mlango na dirisha ili upepo usimpate. Kanini alimwacha. Kwetu mama wa msichana akija kulea mzazi, humbishii. Alichofanya ni kuning'iniza leso zake mbichi humohumo ndani, kama Mutomo.

Sasa fikiria chumba hicho. Mlango umefungwa, upepo hakuna, mabati yanachoma, na maji yananing'inia kila kona kwenye hewa isiyotaka hata tone. Niliingia kusalimia nikatoka nimelowa. Nilidhani mimi ndiye mnene kupita kiasi.

Mtoto alilala tu. Wakamsifu kwa upole wake. Becky alisema kwa sauti ndogo kwamba hanyonyi vizuri, wakamwambia kila mzazi mpya ana wasiwasi. Ushahidi walikuwa nao: kila nepi aliyovuliwa ilikuwa imelowa. Virginia aliibinya, akaridhika, akasema kijana anakojoa kama dume.

Alhamisi mchana Kanini alikuwa uani kwenye beseni. Nilimwona amesimama na nepi aliyovuliwa mtoto, bado haijafuliwa, ameiweka puani. Akaitupa, akachukua nyingine, akanusa tena. Kisha akaja moja kwa moja kwenye cherehani yangu akaninyooshea.

“Nusa.”

Nilimwambia mimi sinusi nepi za watu. Akarudia bila kucheka, na sijamzoea bila kucheka, basi nikanusa. Sabuni ya mche tu, hakuna harufu nyingine.

“Hizi hazikuwahi kukauka,” akasema. “Tunamvalisha maji ya kamba, tunamvua maji ya kamba. Huyu mtoto hajakojoa, jirani.”

Tuliingia ndani, akamfunua. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka na mwili unachoma, na alipofinywa unyayo hakulia, alikunja uso tu. Tukatoka mbio sote wanne naye hadi zahanati iliyo karibu na barabara.

Muuguzi, msichana anayeitwa Ndanu, alimvua kila kitu, shali kwa shali, na kila iliyotoka Virginia alizidi kuwa mdogo. Aliuliza mtoto alikojoa lini mara ya mwisho. Nyanya wawili na mama mmoja, hakuna aliyejua. Basi akatoa amri: Becky akamue maziwa, mtoto apewe kwa kijiko, kidogokidogo bila kuacha, na akae uchi pale verandani. Akikojoa, tutashukuru Mungu. Jioni ikifika kabla hajakojoa, ataitiwa gari aende hospitali kubwa.

“Huko nje kuna upepo,” Virginia akasema.

“Anataka hewa, mama.”

“Hewa ni sawa. Upepo, hapana.”

Kanini akamshika mkono. “Mama Becky, hewa ikikaa ni ile tumetoka nayo kwa nyumba. Ikitembea ndio upepo. Ni kitu moja.”

“Mimi nilizika mmoja,” Virginia akasema, na ile sauti ya sokoni haikuwepo. “Unanielewa? Nilimzika na hizi mikono.”

“Najua. Ndio maana sikufungua mlango.”

Nimeishi na watu wengi, nikasikia matusi ya kila aina kupitia mabati, lakini hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo. Heshima ya huyu na hofu ya yule vilikutana kwenye chumba kimoja, na kati yao kulikuwa na mtoto asiyeweza kusema ana kiu. Virginia akamchukua mtoto mikononi mwa Becky, akamlaza kwenye mapaja yake, juu ya gauni la kanisani alilokuja nalo, na akasogea mpaka mwisho wa benchi, pale upepo wa barabara kuu unapopita.

Tulikaa. Becky alikamua, Kanini akashika kijiko, mimi nikafukuza nzi na kuomba. Tone lilimwagika shavuni mara nyingi kabla la kwanza kumezwa. Baadaye akameza mawili mfululizo. Baadaye akafungua jicho akatutazama kama watu tuliomchelewesha. Ndanu alitoka mara kwa mara, akagusa paji la uso, akarudi ndani, na kivuli cha ukuta kikaendelea kurefuka kuelekea barabarani. Nikamwona Becky anakiangalia.

Ndipo Virginia akashtuka. Akatazama mapajani pake. Gauni la buluu lilikuwa linabadilika rangi, doa linaenea taratibu kutoka kwa mjukuu hadi gotini, na mtoto akaanza kulia kwa hasira za mtu mzima. Virginia hakumwinua. Alifunika uso kwa kiganja kimoja akalia naye, yeye juu na mjukuu chini, mpaka Ndanu akatoka mbio akidhani kumeharibika.

Kanini, ambaye maisha yake yote ni kuondoa madoa ya watu, aliinama mara moja akashika pindo la gauni. Akasema alivue, atalifua hapohapo kwenye bomba la zahanati.

Virginia akamwondoa mkono. “Wacha, Mama Muema. Hii wacha ikaukie kwa upepo.”

Tulirudi Kangemi kwa miguu, mtoto akiwa na nepi tu, naye Virginia ametangulia, akisalimia watu na lile doa. Na kwa ile hewa ya Machi iliyoshiba maji, tulifika nyumbani bado halijakauka.