Darasa la Makopo

Mwalimu Scolastika alianza kumshuku Ashura siku ile ile alipomwona akishuka kwenye lori la viazi na kapu la makopo matupu mkononi. Ilikuwa Juni mwaka 1995, baridi ya Njombe imekaza, umande umeganda juu ya nyasi. Lori lilikuwa la Hassani, mjomba wa Ashura, mwenye duka la pembejeo kule Makambako. Kila Jumatano lilikuja kijijini kununua viazi, na upakiaji ulichukua saa tatu au nne. Katika muda huo binti huyo wa miaka ishirini na nne, aliyemaliza kidato cha nne, alianza kuwafundisha vijana kusoma. Bure.

Neno hilo “bure” ndilo lililomkera Scolastika. Alikuwa amefundisha katika ukumbi ule ule wa kisomo tangu mwaka 1975, serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Watu zaidi ya mia mbili walijifunza kushika kalamu kwake, wengine wakiwa na wajukuu. Kisha chaki ziliacha kuletwa, mabati yakaanza kuvuja, watu wazima wakaacha kuja. Kila mtu alikuwa akihangaikia lake. Na sasa mwenyekiti wa kijiji, mzee Laurenti, alikuwa amempa mgeni ufunguo bila hata kumuuliza yeye.

Jumatano ya pili alisimama nje ya dirisha akasikiliza. Ndani walikuwa vijana kumi na wawili, na miongoni mwao Idda, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye yeye alimlea tangu binti huyo akiwa na miaka tisa. Hapakuwa na kitabu hata kimoja. Walikuwa wakipokezana kopo la dawa ya ukungu wa viazi, kipande cha gazeti lenye tangazo la sabuni, na tiketi ya basi.

“Timoth, hilo kopo linasemaje?” Ashura aliuliza.

Timoth alisoma jina la dawa, polepole, bila kukosea.

“Vizuri. Nani ameandika?”

“Mwenye kiwanda.”

“Anataka nini kwetu?”

“Tununue.”

“Na ni kitu gani hakukiandika, au amekiandika pasiposomeka?”

Kopo lilizungushwa. Msichana mmoja aliona tarehe ya mwisho wa matumizi, imefunikwa nusu na karatasi mpya ya bei. Vijana wakacheka. Scolastika hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Laurenti.

“Kamwene, mwenyekiti.”

“Kamwene, mwalimu.”

“Mpwa wa mfanyabiashara anafundisha watoto wetu kwa makopo ya dawa. Halafu hataki hata kiazi kimoja. Wewe unaona hilo ni la kawaida?”

“Vijana wanampenda.”

“Hata pombe ya ulanzi wanaipenda,” alisema Scolastika, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata alipanda basi kwenda Makambako kujionea. Upepo wa pale njia panda ulimpiga usoni aliposhuka. Aliuliza, akaelekezwa, akalikuta duka la Hassani karibu na stesheni ya reli. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, akajifanya anachagua kandambili, akayaona makopo kwenye rafu: yale yale ya darasani, safari hii yamejaa. Alihisi joto la ushindi kifuani. Kumbe biashara.

Stendi, alipokuwa akisubiri basi la kurudi, mwanaume mmoja aliyevaa suti alimpa karatasi. Chuo cha ushonaji na upishi, Iringa, kilikuwa kinatafuta wasichana wa miaka kumi na tano hadi ishirini. Mafunzo mwaka mmoja, malazi yapo, gari lingewachukua hapo hapo stendi Jumamosi ya wiki inayofuata. Scolastika aliisoma neno kwa neno. Ilichapwa vizuri, muhuri upo, na haikuwa na kosa hata moja la herufi. Aliikunja kwa uangalifu, akaitia kwenye kitambaa chake. Idda alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari, na miaka miwili sasa alikuwa analima tu.

Kesho yake asubuhi Idda alikuwa anamenya viazi. Alijifuta mikono, akaipokea ile karatasi, akaisoma. Kisha akaigeuza nyuma. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

“Mama mkubwa, nani ameandika hii?”

“Si ni chuo chenyewe.”

“Chuo kina mkuu. Hapa hakuna jina lake. Na muhuri huu haukugongwa, umechapwa pamoja na maneno. Ona, wino ni ule ule.” Aliweka kidole kwenye mstari wa chini. “Wanataka picha yangu ya kusimama, mwili mzima. Cheti cha darasa la saba hawakitaki. Mwanafunzi wa kushona anachaguliwa kwa umbo?”

“Hayo amekutia huyo binti wa makopo.”

“Ni mimi nauliza, mama.”

“Nilifundisha watu kusoma kabla hujazaliwa!”

“Ulifundisha, mama. Na hii umeisoma sawasawa,” Idda alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Scolastika kuliko kama angejibiwa kwa ukali.

Wiki nzima hawakuzungumza vizuri. Scolastika aliamini, au alijaribu kuamini, kwamba Ashura alikuwa anawaharibia wasichana bahati ili wabaki kijijini kununua dawa za mjomba wake. Lakini kila alipoitazama karatasi, macho yake yalikwenda kwenye muhuri. Ulikuwa mweusi kama maneno. Miaka ishirini alikuwa amesoma barua za wilaya, na mihuri yake ilikuwa ya zambarau, imepinda, imevuja wino pembeni.

Jumamosi ilipofika alimwacha Idda nyumbani akaenda mwenyewe.

Pikapu lenye turubai lilikuwa limeegeshwa mbali kidogo na mabasi. Wasichana watano walikuwa wameshakaa ndani, vifurushi mapajani. Wawili walisema wametoka upande wa Wanging'ombe. Yule mwanaume wa suti alikuwa anawahesabu.

“Nimemleta mtoto wangu,” Scolastika alidanganya. “Yuko nyuma anakuja. Mkuu wa chuo anaitwa nani?”

“Mama, hayo mtaambiwa kwenye mkutano wa wazazi.”

“Mkutano ni lini?”

Mwanaume alitazama saa yake.

“Chuo kiko mtaa gani? Cheti mtakiangalia wapi? Muhuri huu aliugonga nani?”

“We mama ni nani hasa?”

Scolastika alikuwa na sauti ya mtu aliyefundisha watu wazima sitini katika chumba kimoja. Aliyarudia maswali yale yale kwa sauti hiyo, akiwaelekea wasichana. Stendi ikageuka. Wapiga debe wakasogea. Msichana mmoja aliteremka, akifuatiwa na mwenzake. Wa tatu aliinuka nusu, akakaa tena. Mwanaume aliruka mbele, injini ikanguruma.

Wakati huo Ashura, aliyesikia kelele akiwa dukani, alifika mbio.

“Namba, mwalimu! Umeiona namba?”

“Imepakwa tope!”

“Mlangoni kuna maandishi yamefutwa kwa rangi. Soma chini ya rangi!”

Walisoma pamoja, huyu herufi hii na yule ile, kabla gari halijaishia barabara ya kusini: jina la kampuni moja ya mbao, na nusu ya sanduku la posta. Wakayapeleka polisi siku ile ile. Gari lilipatikana baada ya siku nne. Wasichana wawili walirudishwa kwao. Wa tatu alionekana mwaka uliofuata, amekonda, na hakumwambia mtu alikokuwa.

Scolastika hakumshukuru Ashura. Jumatano iliyofuata aliingia darasani, akakaa benchi la nyuma, akasubiri makopo yatoke kwenye kapu. Yalipotoka, alisimama.

“Mimi nina swali lenu la kila siku. Nani ameyaleta haya makopo? Anataka nini kwetu? Na ni lipi ambalo hajatuambia?”

Idda aliinamisha kichwa kwa aibu. Ashura aliliweka chini kopo alilokuwa ameshika.

“Shikamoo, mwalimu. Nitajibu,” alisema. “Mjomba ananiruhusu kwa sababu anayejua kutambua dawa nzuri hanunui kwa wachuuzi, ananunua kwake. Hilo ni kweli na sikuwaambieni. Mimi nafundisha kwa sababu nikiwa kidato cha pili, kaka yangu Abasi alipulizia dawa bila kuelewa ile picha ya fuvu, ikamuua. Alijua kusoma, mwalimu. Alikuwa wa pili darasani.” Aliinama akaonyesha fuvu kwenye kopo. “Hilo nalo sikuwaambieni.”

Scolastika alilichukua kopo lile, akaligeuza.

“Basi kuanzia leo,” alisema, “lete na makopo ya maduka mengine.”

Ashura aliyaleta. Kwa miaka miwili wanawake hao walifundisha katika chumba kimoja bila kuwa marafiki. Scolastika alishika herufi na mwandiko, maana aliona vijana wanahoji tangazo huku wakishindwa kuandika barua ya kuomba kazi. Ashura alishika magazeti, ramani na matangazo ya redio. Mara nyingi walibishana mbele ya wanafunzi. Mwaka 1997 Ashura aliolewa Mbeya, na darasa likaendelea na mwalimu mmoja.

Mwaka huo huo Idda aliandika barua ya kuomba kazi ya mhudumu katika hospitali ya misheni ya Ikonda, akajibiwa aende. Muhuri ulikuwa wa zambarau, umepinda. Jina la mwandishi lilikuwepo. Scolastika aliisoma mara tatu, akasema ni nzuri, akamfungia binti yake mzigo.

Halafu alimfuata. Alikaa siku nzima garini kwenye njia za milima ya Makete, akafika hospitali amejaa vumbi, akaomba aonyeshwe chumba wanacholala wahudumu. Alikibonyeza kitanda cha Idda kwa mkono. Alimuuliza mhudumu wa jirani jina lake na kwao. Aliangalia kama mlango una komeo kwa ndani.

“Mama, umeridhika sasa?” Idda aliuliza, akicheka na machozi yakimlenga.

“Bado,” alisema Scolastika, akakaa juu ya kitanda kile kupumzisha miguu.