Nyuma ya Shuka la Kijani

Mke wangu ni daktari wa upasuaji, na ni mwoga. Nasema hivi kwa ruhusa yake. Asubuhi ya kumpasua mtu hali kitu. Hukoroga chai mpaka ipoe, halafu huimwaga. Wanaomsimamisha sokoni na kumfunulia majipu yao hawalijui hilo. Wao wanaona koti jeupe na mwendo wa haraka. "Daktari asiyeogopa," aliwahi kuniambia, "mkimbie kama nyuki."

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia ya msingi, na maneno yangu ni machache. Dada zake husema ameolewa na kabati. Tulikutana kliniki siku nilipojiunguza ubavu kwa pasi ya mkaa. Yeye alikuwa mgeni kazini, na mikono yake ilitetemeka kuliko yangu. Kovu lipo hadi leo, limechongoka kama ncha ya pasi.

Jikoni mke wangu huimba puani bila kujijua. Chumvi ikizidi, au simu ya wodini ikilia, wimbo hukatika. Kwa miaka yote nimemjua kwa wimbo huo, kama ninavyoijua cherehani yangu kwa mlio wake.

Basi mvua ikabeba daraja, na tumbo langu likachagua wiki hiyo hiyo kuuma. Kidole tumbo. Daktari mwenzake alikuwa ng'ambo ya mto.

"Hatupasui watu wetu," alisema mke wangu, amesimama koridoni, mgongo ukutani. "Mkono unajua ni nani."

Nesi mkuu, mama mnene mwenye utani, siku hiyo hakutania. "Daktari, hicho hakisubiri daraja. Kikipasukia humo ndani, tutamkosa shemeji."

Akakubali, kwa masharti mawili: kovu langu lifunikwe, na mimi nisiseme neno. "Ukisema utakuwa mume wangu. Mimi nataka mgonjwa."

"Kwa kunyamaza umempata bingwa," nesi akasema.

Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikafa. Wakanitundikia shuka la kijani mbele ya kifua, nikabaki na taa, dari, na kofia yake iliyochomoza juu ya shuka. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Niliogopa hadi meno yakawa baridi.

"Mgonjwa anasikia maumivu?" sauti yake ikauliza, sauti ya mtu nisiyemjua.

Nikatikisa kichwa. "Hasikii," nesi akajibu kwa niaba yangu.

Kisha, polepole, wimbo ukaanza. Nikashusha pumzi.

"Kuna damu hapa," alisema mtu. "Vuta hilo shuka la ubavuni, tuone vizuri."

Wimbo ukakatika.

"Daktari," nesi akaita. Halafu kwa sauti ya chini zaidi: "Daktari, damu."

Kofia haikusogea. Mashine ya kuhesabu mapigo ya moyo ikaanza kulia mbio, ikinitangaza mbele ya watu. Mpaka hapo nilikuwa naogopa kufa. Sasa nikaogopa jambo jingine: kwamba nikifa, atakwenda nyumbani na mikono ile ile, awakatie watoto mkate kwa mikono hiyo, kila asubuhi, maisha yake yote.

Sikujua kama neno langu lingemwinua au lingemmaliza. Nikalisema.

"Mama watoto. Makoti yako nimeyaacha kambani. Mvua inakuja."

Kofia ikatikisika.

"Yote?"

"Yote."

"Hata lile jipya?"

"Na lenyewe."

"Wewe mwanamume! Ndiyo maana unaitwa kabati! Nyamaza! Mkasi. Siyo huo, ule mdogo. Pamba. Shika hapo, usiachie."

Alinigombeza mpaka uzi wa mwisho. Wimbo haukurudi, lakini kofia ilikuwa inacheza.

Mchana alikuja wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Nesi alimletea chai. Kikombe kiligonga kisahani, chai ikamwagikia magotini, naye hakushtuka.

"Walipovuta shuka nililiona kovu," alisema. "Nikasahau mshipa uko wapi. Nilichokumbuka ni harufu ya pasi tu."

"Lakini yamekwisha."

"Hayajaisha. Kesho napasua mama mmoja. Naye ana kovu lake mahali, na yuko mtu anayelijua. Zamani nilikuwa siliwazi hilo."

Nikachukua kikombe, nikamshikia.

"Makoti yamelowa?" akauliza.

"Niliyaanua juzi."

Akanishika kifundo cha mkono, pale wanapohesabia mapigo, akakaa hivyo, midomo ikimchezacheza, akihesabu.