Jiwe la Serge

Mama Nsimire alikuwa bado analala chini. Kwao Walungu, milimani huko mashariki mwa Kongo, mzazi aliyefiwa hapandi kitandani mpaka mtoto wake azikwe, na Serge hakuwa amezikwa. Serge alikuwa ndani ya kopo la plastiki, juu ya kabati la dada yake Émilienne, Hounslow, jijini London.

Tusikilizane vizuri hapo. Serge alifia peke yake kwenye chumba cha kupanga, upande wa pili wa jiji. Waliomkuta hawakujua ndugu zake. Wakubwa wa mtaa wakangoja, wakachoka kungoja, wakamchoma, kama afanyiwavyo huko maiti asiye na mwenyewe. Émilienne alipopata habari akakabidhiwa kopo, na pole za adabu.

"Nani alichoma mutoto wangu?" mama aliuliza kwenye simu. "Mutu si kuni. Na unga hauzikwi, upepo utamubeba mbele ya udongo kumufunika."

"Basi mzike mgomba, mama," Émilienne alisema. Ndiyo desturi yao: mtu akipotelea ziwani au vitani, hukatwa kigogo cha mgomba, kikavikwa nguo zake, kikazikwa na kuliliwa.

"Mugomba ni wa mutu aliyepotea. Serge wangu hakupotea, uko naye. Niletee kitu kimoja, kinachoshikika. Hata kiwe jiwe."

Kisha akakohoa. Baridi ya milima ile si ya kulalia mkeka, na kila wiki Émilienne alisikia kikohozi kikishuka chini zaidi kifuani mwa mama yake.

Wa kumpa njia alikuwa Deepa, mzaliwa wa Kisumu, mfanyakazi mwenzake wa usafi pale uwanja wa ndege. "Dada Emi, karibu na Venisi kuna kisiwa, Murano. Kazi yao kioo tu, toka enzi za mababu. Mume wangu alinipeleka, akaninunulia punda wa kioo. Eti nafanana naye." Akakamua dekio lake. "Lakini niliona mafundi wakitia majivu ya mtu ndani ya kioo. Kinatoka kama jiwe."

Émilienne hakucheka habari ya punda. Aliomba ruhusa ya siku moja, akaruka alfajiri.

Kisiwani watalii walikuwa wakipiga picha majogoo ya kioo. Yeye alipita moja kwa moja hadi karakana aliyoelekezwa, kopo likiwa kifuani. Fundi, mzee mwenye mikono isiyo na vinyweleo, alijua Kifaransa, wakaelewana. Mlango wa tanuri ulipofunguliwa, mngurumo wa moto ukamrudisha nyuma Émilienne. Namtia ndugu yangu motoni mara ya pili, aliwaza. Lakini akakumbuka kile kikohozi, akafungua kopo.

Fundi alichota kioo kinachotiririka kama asali, akakiviringisha juu ya majivu, akachota tena kufunika. Likatoka jiwe la ukubwa wa ngumi, na katikati yake ukungu mweupe umetulia.

"Sasa litalala kwenye tanuri la kupozea," alisema. "Mpaka kesho."

"Ndege yangu ni leo jioni."

"Nitakutumia."

"Hapana, baba. Huyu alishaachwa kwa wageni mara moja."

"Mama, ukilitoa sasa, nje litapoa na ndani bado lina moto. Litavutana lenyewe kwa lenyewe, lipasuke."

Émilienne akaketi kwenye benchi, hakuondoka. Jioni ilipofika alinyoosha mikono kama anayepokea mtoto wa kubatizwa. Fundi alimtazama sana, kisha akamtolea jiwe. Émilienne akalifunga ndani ya kitenge, na ndani ya ndege alilipakata likiwa vuguvugu, akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ndani ya basi, karibu na nyumbani, alisikia mlio mdogo mapajani. Tak. Hakufungua mpaka alipofika.

Vipande viwili. Ule ukungu umepasuka katikati, na unga umeingia kwenye nyuzi za kitenge.

Mama alitaka kuona. Émilienne akaelekeza simu, akimweleza alivyolitoa tanurini mapema.

"Geuza," mama alisema. Akatazama kwa muda mrefu. "Ulimuamusha mbele ya saa."

"Nilikuwa nakuharakishia wewe, mama."

"Najua." Akageukia watu wa nyumbani, sauti yake haikupanda. "Mukate mugomba."

Jumamosi wakaufunga kwa shati la zamani la Serge, wakaulilia, wakaufukia. Émilienne aliangalia kwa simu, akiwa kwenye stoo ya ndoo pale uwanja wa ndege, Deepa amemshika bega. Usiku ule Mama Nsimire akapanda kitandani.

"Na huyu wa huku, mama?" Émilienne aliuliza kesho yake. "Nimfanye nini?"

"Huyo simujui. Mutoto wangu nilimuzika jana."

Émilienne akaweka kitambaa kati ya vile vipande viwili, visisagane, akavirudisha juu ya kabati.