Salamu Ambayo Mama Dastani Hakuiitikia

Siku niliyomwona Mama Dastani kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimesimama kwenye bomba la kiwanda cha korosho Masasi, naona haya kuuliza kama naruhusiwa kunywa. Nilikuwa mbeba magunia mpya kutoka Chilangala, huko Newala ambako maji ni ya shida. Alikuja kunawa, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda.

"Huyu wa Newala," alisema. "Maji huku kwetu hunywewa, hayatazamwi."

Wanawake wa meza ya kubangua wakacheka. Nikanywa.

Jina lake Dominika, Mmakua wa Lupaso. Alianza kubangua kiwanda kikiwa bado cha serikali. Kilipouzwa kwa mtu binafsi, mishahara iliendelea kukatwa akiba ya uzeeni, na tajiri alipaswa kuongeza kiasi kilekile. Lakini mwenzake wa meza, Agnes, alipostaafu, kwa miaka ya tajiri huyo alikuta makato yake tu. Wanawake wa meza hiyo, mvua zikianza, walikuwa wakipewa ruhusa ya kwenda kulima, kama desturi. Wahasibu wageni wakadhani ni vibarua wa msimu, wasiostahili fungu la mwajiri.

Mama Dastani alimwendea meneja, Bwana Cecil, kijana wa rika la mwanawe. Nilikuwa napanga magunia mlangoni.

"Kosa ni letu, mama," Cecil alisema. "Wewe unakaribia kustaafu, nitakurekebishia sasa. Wengine wasubiri."

"Wengine ni nani?"

"Meza nzima."

"Basi nasubiri na meza yangu."

Kesho yake Cecil alipita. "Shikamoo, mama."

Mama Dastani aliendelea kubangua. Kwetu mtu mzima hamnyimi kijana marahaba ila akiwa amekosewa sana. Siku iliyofuata meza yote ilinyamaza. Habari zikafika sokoni, hata muuza maandazi akamuuliza Cecil amemfanya nini mama wa watu.

Mwishowe Cecil alisimama mbele ya Mama Dastani. "Mama, nimekosa nini tena?"

"Hujakosa tena. Ni lilelile."

Cecil akasafiri Dar es Salaam kwa tajiri. Aliporudi aliwakusanya wote, akawaambia fungu la mwajiri limelipwa kwa kila mmoja, tangu kiwanda kilipouzwa. Kisha akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Chakula cha Dar hakikufai."

Nilicheka na wao, nikajiona mkubwa kwa kuwa tu nafanya kazi naye. Mpaka leo najivuna kwamba nilimjua.

Alistaafu na haki yake kamili, akaezeka nyumba yake ya Lupaso kwa bati. Mimi nikahamishiwa ghala la tajiri yuleyule, Newala. Miaka ikapita, nikasikia amelazwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi, nikashuka kumwona. Hakuweza kuketi. Nilianza kumsifu kwa yale aliyowafanyia wenzake, akanikatiza.

"Na wa ghala la Newala, wamewekewa fungu la mwajiri?"

Nilisema sijui.

"Kaulize. Na usiinamishe kichwa ukiuliza."